Magodoro ya Kuazima

Wewe unayenisikiliza, vuta kiti ukae. Nitakueleza taratibu, hatua kwa hatua, kwa sababu nikiharakisha nitatukana watu, na sitaki kutukana. Nataka uelewe.

Mimi ni afisa maendeleo ya jamii katika halmashauri ya mji mmoja mdogo mkoani Singida. Kazi yangu, ukiiangalia vizuri, ni kueleza. Kina mama wa vikundi nawaeleza katiba ya kikundi inaandikwaje. Vijana nawaeleza fomu ya mkopo inajazwaje, na mtu akikosea mara tatu namwambia, "Usijali, karatasi zipo, tunaanza tena." Watu wananijua kwa hilo. Hawajazoea kuniona nimekasirika, na mimi mwenyewe sijazoea.

Jambo lenyewe ni hili. Askari akimaliza utumishi anakabidhi vitu vya jeshi, pamoja na nyumba aliyokuwa anaishi kambini. Wengi wao walishajenga mapema, hao hawana shida. Lakini wapo ambao hawakujenga. Mmoja aliuguza mke miaka mingi. Mwingine alimwachia mdogo wake kiwanja, mdogo wake akafariki, watoto wa marehemu wakagawana. Mtu anarudi kijijini kwao, Mtinko au Ihanja, na begi lake, anakuta kila kipande cha ardhi kina mwenyewe na kila chumba kina watu. Huyo hahitaji kutunzwa maisha yake yote. Anahitaji mahali pa kulala kwa mwaka mmoja au miwili, wakati anafuatilia kiwanja, anafyatua tofali, anatafuta kazi. Hayo ndiyo makazi ya mpito: unapita, ukishajiweka sawa unampisha mwingine.

Halmashauri yetu ilikuwa na jengo. Zamani lilikuwa karakana ya magari ya serikali. Lina kuta imara za mawe, paa limeoza, na popo wamejaa. Fundi wetu wa ujenzi alilipima akasema linatoa vyumba vinane na jiko. Pesa ya kulikarabati hatukuwa nayo, ila lilikuwepo shirika moja kule Dar es Salaam linalotoa ruzuku kwa miji midogo kwa kazi za namna hii. Ruzuku hairudishwi kama mkopo. Lakini lazima uandike andiko, uonyeshe kwamba shida ipo, ni ya nani, na utaimalizaje. Mkuu wangu wa idara akanikabidhi mimi kuandika. Siku hiyo nilifurahi kama mtoto aliyenunuliwa viatu.

Mtu wa kwanza kumwandika alikuwa mzee mmoja aliyeendesha malori ya jeshi zaidi ya miaka thelathini. Alikuwa analala kwenye ghala la alizeti, nyuma ya mashine ya kukamua mafuta. Mwenye ghala, mama mfanyabiashara mwenye roho nzuri, alimpa kona bila kumdai chochote. Sharti lilikuwa moja, na alimwambia waziwazi tangu mwanzo: alizeti mpya ikianza kuingia, ghala linajaa magunia hadi darini, na hapo hatapata nafasi hata paka. Kwa hiyo muda wa mzee ulikuwa unajulikana. Vichwa vya alizeti vikikauka shambani, yeye yuko nje. Nilipoanza kuandika, alizeti ilikuwa ndiyo kwanza inachomoza.

Nilimkuta anaziba tundu la panya kwa udongo.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Karibu, ila viti vyetu hapa ni magunia."

Nikakaa kwenye gunia la mashudu, makapi ya alizeti iliyokwisha kukamuliwa. Harufu yake unaijua kama umekulia kwetu: nzito, ya mafuta, inaingia kwenye nguo na haitoki kwa maji baridi. Bati juu yetu lilikuwa na matundu, na chini ya kila tundu mzee alikuwa ameweka kopo. Mkeka wake ulikuwa katikati ya makopo. Nikaanza kujaza fomu huku nasoma kwa sauti, maana mtu ana haki ya kujua anaandikwa nini.

"Hali ya makazi: hana makazi."

Akaninyooshea kidole. "Futa hapo. Mimi nina kwetu. Kwetu ni Mtinko, baba yangu amezikwa pale. Andika: hana pa kulala."

"Mzee, fomu haina sehemu hiyo."

"Basi hiyo fomu imetungwa na mtu mwenye vitanda viwili."

Tulicheka wote. Nikaandika pembeni kwa kalamu, kwa herufi ndogo, vilevile alivyosema. Nilijifunza siku hiyo kwa nini wenyeviti wa mitaa walikuwa wameniletea karatasi tupu. Niliwaomba majina ya askari wastaafu wasio na makazi, na kila familia iliyoulizwa ilijibu kwamba ndugu yao ana kwao. Nani akubali iandikwe serikalini kwamba ukoo wake umemwacha mtu nje? Analala stoo ya binamu, lakini ana kwao. Ikabidi nitembee mwenyewe, nyumba kwa nyumba, na swali langu nikalibadilisha: "Jana alilala wapi?" Kwa swali hilo nikapata watu saba.

Andiko likapita hatua ya kwanza. Barua ikaja Jumatatu: Alhamisi atafika mwakilishi wa shirika kuona walengwa wanavyoishi sasa. Naomba uyashike maneno hayo, kuona wanavyoishi sasa, kwa sababu sisi hatukuyashika.

Kikao kiliitwa siku hiyohiyo. Mkuu wangu alikuwa na orodha: maji ya chupa, vitambaa vya meza, kuku wa kienyeji, asali ya kufungasha kama zawadi. Hayo sikuyapinga, mgeni ni mgeni. Halafu akafika kwenye ghala.

"Pale pafagiliwe, pamwagwe maji, mashudu yahamishwe. Tupeleke vitanda na magodoro. Wale wazee wote saba wakusanywe pale, mgeni awaone mahali pamoja."

Nikainua mkono. "Mkuu, hivyo vitanda si vyao."

"Ni vya siku moja. Tutaazima gesti."

"Lakini mgeni anakuja kuona mashudu."

Watu wakacheka. Yeye hakucheka. "Dada yangu, kwenye kuandika wewe ni mtaalamu, hakuna anayebisha. Mapokezi tuachie sisi. Unataka mtu atoke Dar es Salaam akute mji wetu unalaza wazee na panya? Atasema halmashauri ipo kweli?"

Hapo ndipo ilipokuwa nafasi yangu ya kusimama. Mimi, mtu wa kueleza, ningeweza kueleza. Ningeweza kusoma barua ile kwa sauti mbele ya kikao, mstari mmoja tu. Badala yake nilisema, "Sawa mkuu," na jioni hiyo ni mimi niliyeandika barua ya kuazima vitanda saba, magodoro na shuka zake, nikaweka sahihi yangu. Usidhani nawakasirikia wenzangu tu.

Alhamisi asubuhi nilifika ghalani mapema, nikiwa na wazo moja lililokuwa limenisumbua siku tatu: nimwambie mzee angalau aongee ukweli. Nikakuta maajabu. Wazee wenyewe walikuwa wameshawapita watu wa halmashauri. Njia ya kuingilia ilikuwa imepangwa mawe pande zote mbili, na kila jiwe limepakwa chokaa. Makopo ya kukingia mvua yalikuwa hayaonekani. Mablanketi yao ya zamani, yenye matundu, yalikuwa yamekunjwa mraba mraba, kingo zimelingana, tundu limegeuziwa ndani. Na wenyewe saba wamenyoa ndevu, mashati yamepigwa pasi, wamesimama mstari mmoja kwa kimo.

Nikamvuta mzee pembeni. "Mzee wangu, mmefanya nini? Mgeni anakuja kuona shida."

"Shida yangu ataisikia nikiulizwa. Kitanda changu atakikuta kimetandikwa."

"Akiona kila kitu kizuri ataamini vipi?"

"Mwanangu, miaka thelathini na zaidi, hajaingia mtu kukagua mahali ninapolala akakuta takataka. Leo nianze?"

Mwenzake mmoja, mfupi, mcheshi, akadakia kutoka kwenye mstari. "Mwache mama wa watu. Anataka tujipake masizi."

Wakacheka. Mimi sikuwa na muda wa kujibu, gari lilikuwa limeshaingia.

Mgeni alikuwa mama mtaratibu, si mtu mbaya hata kidogo. Alivaa viatu vya kutembelea kabisa, maana yake alikuja tayari kukanyaga matope. Aliwasalimia wazee mmoja mmoja. Alipofika kwa mzee wetu akauliza, "Mzee wangu, maisha hapa yakoje?"

Kama umekulia kwetu unajua jibu. Mtu mzima akijuliwa hali anajibu salama kwanza. Hata kama ametoka kuzika, ni salama; taabu zinafuata baadaye, mkishakaa, mkishatazamana. Na askari mbele ya mkubwa ndiyo kabisa. Mzee akabana visigino.

"Salama mheshimiwa. Hakuna tatizo."

Mgeni akasubiri. Nilimwona kwa macho yangu akisubiri. Kama angeachwa pale dakika mbili zaidi, akakalishwa kwenye gunia, mzee angefungua mdomo. Lakini mkuu wangu akaingia katikati. "Mheshimiwa, kama unavyoona, halmashauri inajitahidi sana kuwatunza mashujaa wetu. Huku kuna vitanda saba." Akamwongoza. Mgeni akabonyeza godoro kwa kiganja, akaangalia shuka nyeupe, akaangalia juu kwenye bati. Jua lilikuwa limepanda vizuri, na mtu alikuwa ameziba matundu kwa vipande vya boksi siku iliyotangulia. Akaandika kitu kwenye daftari lake. Picha zikapigwa.

Wakati wa chakula nilihakikisha nimekaa karibu naye, nikasema kwa sauti ya chini, "Mheshimiwa, hali ya kila siku si hii." Akanitazama kwa makini. Kabla hajauliza, mkuu wangu akampelekea paja la kuku na kumwuliza kama Dar es Salaam wanapata kuku wa namna hiyo. Meza nzima ikacheka. Nami nikanyamaza mara ya pili.

Gari la mgeni liliondoka saa nane mchana. Saa tisa vitanda vilikuwa vimeshaondoka kwa gari la halmashauri, na guta la gesti, lile la magurudumu matatu, limefika kuchukua magodoro.

Hili ndilo linaloniuma kuliko yote, kwa hiyo nilisimulie polepole. Mbeba mizigo alikuwa mmoja, na magodoro saba. Wale wazee hawakuweza kumwangalia mtu akihangaika peke yake. Wakavua mashati yao yaliyopigwa pasi, wakayatundika kwenye msumari, wakasaidia kupakia. Mzee wetu alipanda juu ya guta, akayapanga, akayafunga kamba kwa mafundo ya dereva anayejua mzigo. "Hili halidondoki hata ukifika Shelui," akasema. Kisha akashuka, akaenda nyuma ya ghala, akarudi na makopo yake mikononi, akaanza kuyapanga sakafuni kila moja mahali pake. Watu wa halmashauri walikuwa wanagawana chupa za maji zilizobaki.

Majibu yalikuja alizeti ikiwa imeshainamisha vichwa. Barua ilikuwa ya heshima. Ilishukuru kwa ukarimu mkubwa. Ilisema mahitaji hayakuthibitika katika ziara, kwamba walengwa tayari wanaishi katika mazingira ya kuridhisha yanayosimamiwa vema na halmashauri, na kwamba fedha zimeelekezwa kwenye mji mwingine wenye uhitaji mkubwa zaidi. Mstari wa mwisho ulisema tunaruhusiwa kuomba tena duru ijayo.

Mkuu wangu aliipiga barua mezani. "Hawana shukrani! Tulivyompokea vile?"

Nilimjibu, na safari hii sikunong'ona. "Mkuu, alichokiona ndicho alichokiandika. Alikuja kuona watu wanavyoishi, tukamwonyesha gesti. Tumewanyima wale wazee vyumba kwa mikono yetu, tena kwa gharama ya kuku."

"Unanilaumu mimi?"

"Nakulaumu wewe, najilaumu mimi, na sahihi yangu iko kwenye faili."

Aliniambia nikanywe maji. Sikunywa. Hasira ile ilikuwa ngeni kwangu, sikujua inawekwa wapi. Nilikuwa nimewakasirikia wote: mkuu wangu anayeona aibu ya shida kuliko shida yenyewe, shirika linaloamini shuka ya siku moja, nami niliyekuwa na kalamu na mdomo nikatumia kalamu tu. Na nitakueleza ukweli, nilimkasirikia hata mzee. Nilikwenda ghalani hivyohivyo, nimefura, nikampa habari, nikamalizia kwa maneno ambayo nayajutia.

"Ungesema neno moja tu, mzee. Moja! Ukasema hakuna tatizo."

Alikuwa anafunga begi. Nje kulikuwa na trekta, na mama mwenye ghala alikuwa anahesabu magunia ya kwanza yakiingia, uso wake ukiwa umeinama, hataki kukutana na macho ya mtu. Mzee akaacha zipu nusu.

"Ulitaka nivue shati nimwonyeshe mbavu?" Sikuwahi kusikia sauti hiyo kwake. "Nimwambie mtoto wa watu, tazama, nimelitumikia taifa na sasa nalala na panya, mbele ya mkuu wako amesimama hapo na tai? Wewe ulikuwa umeshaandika. Nilikwambia kila kitu, tumekaa hapa, kwenye gunia hili. Yule mama alisoma ulichoandika?"

"Alisoma."

"Basi kwa nini aniulize mimi nikiwa mstarini?"

Angekuwa peke yake na yule mama, kwenye gunia, angesema. Tulimpanga kwenye mstari, tukamwekea mkubwa mbele, halafu tukamshangaa kwa kujibu kama askari. Na mtu aliyetakiwa kulijua hilo kuliko wote ni mimi, kwa sababu mimi ndiye niliyepata majina saba kwa kubadilisha swali.

Mama mwenye ghala akaja akasimama mlangoni. "Baba, nisamehe. Ningekuwa na ghala la pili..."

"Hukunidanganya mama. Ulisema tangu mwanzo." Akamalizia zipu. "Wewe peke yako hapa ndiye uliyesema tangu mwanzo."

Sasa yuko Shelui, analinda malori yanayopumzika kando ya barabara. Mchana analala ndani ya kabini ya lori bovu ambalo mmiliki wake amelitelekeza. Upepo wa kiangazi unapita pale na vumbi lote la barabara kuu. Wenzake sita wametawanyika, wawili sijui waliko. Karakana bado ina popo.

Nilimfuata wiki iliyopita, peke yangu, sikumwambia mtu ofisini. Tulikaa kwenye tairi kuukuu na chai. Nilimwomba msamaha kwanza, akasema chai inapoa. Tulipokuwa tumetulia akaanza kuongea mwenyewe, kuhusu goti linalovimba kwa kulala amejikunja, kuhusu siku dereva mmoja alipomwita kichaa wa lori, kuhusu kiwanja ambacho mjomba wake yuko tayari kumpa Mtinko kama tu angekuwa na mahali pa kukaa karibu wakati wa kujenga. Nilimwuliza kama naweza kuandika hayo. "Andika," akasema, "na picha piga sasa hivi, kabla sijafagia." Nikapiga.

Andiko jipya liko mezani kwangu. Mkuu wangu ameshaniuliza mapokezi safari hii yatakuwaje. Nimemwambia mgeni atapelekwa Shelui, kwa mzee, bila mkuu yeyote kuandamana naye, na kama hilo haliwezekani basi atafute mwandishi mwingine. Hajanijibu. Barua ya mwaliko nimeshaiandika hivyohivyo, na nakala nimeitunza.

Nawe huenda ukapewa fomu ya namna hii mjini kwenu, iwe ya wastaafu, ya wajane au ya mtu yeyote asiye na pa kulala. Usiogope, unaiweza, haina uchawi wowote. Nenda kwa mwenye shida ukiwa peke yako, kabla hajajua kama kuna mgeni. Kaa chini pale anapokaa yeye. Mwulize jana alilala wapi, na juzi, na atalala wapi mvua ikinyesha. Ukifika kwenye mstari wa hali ya makazi, andika alichokujibu, neno kwa neno, hata kama nafasi haitoshi. Ikijaa, geuza karatasi uendelee nyuma.